Mlinzi wa Nyumba ya Zege

Ahmedabad
3 Februari 1996

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai hujambo, goti limetulia, na dawa ya kifua unaikumbuka bila kusukumwa na shangazi Sulabha. Mimi sijambo. Nilifika salama, nimerudi kwenye meza yangu ya kuchorea, na mama mwenye nyumba wangu bado hataki hata neno samaki litamkwe jikoni mwake. Basi unielewe nikisema naota kaa wa nazi.

Jumapili nilichukua daftari la michoro nikavuka mto, nikakaa chini ya lile jengo la zege nililowahi kukuonyesha kwenye picha. Nilikaa mpaka kivuli kikanihama. Baba, kila siku najiuliza usasa wetu ni upi. Baada ya uhuru tulipokea zege na vioo kutoka ng'ambo kama mtu anavyopokea suti ya kuazima, mabega mapana, mikono mirefu. Halafu wakatokea wakubwa wa kazi hii, watu wa hapa hapa, wakaikata ile suti na kuishona upya. Wakarudisha ua wa ndani, wakarudisha kivuli, wakaufundisha ukuta mzito kuishi na jua letu. Wachoraji nao walipita njia hiyo hiyo. Walijifunza kupaka rangi kama watu wa Paris, kisha siku moja wakageuka kuitazama ile miungu ya vijijini kwao iliyopakwa nyekundu. Nami nataka kuwemo katika msafara huo, hata nikiwa wa mwisho kabisa mkiani.

Ndiyo maana nyumba yako kwangu si nyumba tu. Ni neno langu la kwanza. Zege tupu, bila lipu, bila rangi, paa bapa, alama za mbao za fundi zinaonekana ukutani. Nyumba isiyoficha kitu. Kwa hiyo nakuomba tena, usinichoke: usipigilie misumari ukutani, usitundike mapazia, na lile kabati la chuma likae chumba cha nyuma. Bwana Parulekar akikuletea kalenda ya benki, mshukuru uiweke chini ya godoro.

Jarida moja la usanifu la Mumbai limeulizia habari za nyumba hii. Chukulia bado sijakwambia kitu.

Binti yako,
Mrunu


Sawantwadi
20 Februari 1996

Mwanangu Mrunu,

Marahaba. Baraka zangu na za marehemu mama yako zikufikie huko vumbini. Mimi mzima. Goti linanung'unika kama mwalimu mkuu aliyestaafu, lakini linatembea. Shangazi yako Sulabha hajambo huko Malvan. Anaulizia utaolewa lini. Nimemwambia basi la kwenda Ahmedabad lipo, aje akuulize mwenyewe.

Nyumba inasifiwa na kusimangwa kwa kipimo kimoja. Juzi Parulekar alisimama njiani akaiangalia, kichwa upande. Akasema, "Mwalimu, lipu mnapiga lini?"

Nikamwambia hakuna lipu.

"Na rangi?"

Hakuna rangi.

Akanisogelea. "Kama fundi kakukimbia, sema tu. Sisi ni majirani."

Watoto wa mtaa wanaiita tangi la maji. Mimi sijali. Nakwambia kweli, Mrunu, naipenda. Miaka yote ile shuleni niliwafundisha watoto kuchora kivuli, na sikuwahi kukiona kivuli kinavyotembea ukutani kama ninavyokiona hapa asubuhi. Nimerudi kwenye rangi za maji. Nachora ukuta huo huo kila siku na kila siku si ule. Vitabu nimevipanga kwenye yale mashubaka uliyoyachonga kwenye ukuta wa magharibi. Vimesimama kama wanafunzi siku ya mkaguzi. Narudia riwaya nilizosoma ujanani, na ninagundua kwamba wale niliowachukia zamani sasa nawaonea huruma.

Neno moja tu. Picha ya mama yako nimeisimamisha sakafuni, imeegemea ukuta, na shada lake la maua linagusa chini. Sulabha alipokuja aliuliza kwa nini wifi yake anakaa chini. Nikamjibu msanifu bado anafikiria. Fikiria basi, mwanangu.

Baba yako


Ahmedabad
14 Aprili 1996

Baba mpenzi,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Kifua je? Mimi mzima, ila usingizi sina kwa furaha. Jarida limekubali. Mwisho wa mwezi huu tunakuja na gari, mimi, mpiga picha, na mhariri mwenyewe, Bi. Dilnaz. Ni mtu mkubwa, Baba. Amesoma ng'ambo, ameandika juu ya kila jengo la maana nchini, na ukimwonyesha mchoro dhaifu anakurudishia bila neno. Ameniomba niandike maelezo ya nyumba mimi mwenyewe. Mimi, na mvi sina hata moja.

Nisaidie kwa siku hiyo moja. Kabati la chuma, pipa la plastiki, ile mikeka ya rangi, viti vya kukunja, vyote viende kwa Parulekar. Na picha ya mama. Najua. Siku moja tu, Baba, na nitakaporudi tutazungumza pahali pake. Kamba ya kuanikia nguo naomba uifungue kabisa.

Wewe vaa lile shati jeupe la mikono mirefu. Tutafika kama saa nne asubuhi, hivyo una nafasi ya kujiandaa.

Binti yako,
Mrunu


Sawantwadi
6 Mei 1996

Mwanangu Mrunu,

Marahaba. Naitikia mapema, maana shikamoo yako haijafika na naona inachelewa. Mimi mzima. Joto limezidi, mafenesi yameiva, majirani wananiletea kuliko ninavyoweza kula.

Nimekaa siku kadhaa nikiwaza niandike au nisiandike. Sasa naandika, ili lisikae katikati yetu kama mgeni asiyekaribishwa.

Gari lenu lilifika kabla sijavaa. Nilikuwa nimetoka kupeleka picha ya mama yako kwa Parulekar, nikaona majani yameanguka uani, nikashika ufagio. Nilikuwa na msuli na singlendi. Bi. Dilnaz alishuka wa kwanza. Akanisalimia vizuri tu, sina la kumlaumu. Akasema, "Mzee, tufungulie mlango, na kama kuna chai tungeshukuru."

Wewe ulikuwa nyuma yake umebeba mfuko wa vyuma vya kamera. Nikakutazama. Ukautazama mfuko.

Basi nikafungua mlango. Nikapika chai. Bi. Dilnaz akaniuliza kama nimekuwa mlinzi wa hapa muda mrefu, nikamwambia tangu msingi. Lilinitoka tu, Mrunu, na likishatoka neno la namna hiyo hulirudishi tena. Yule kijana wa kamera akaniambia nifagie tena pale kwenye mwanga, polepole, nisiangalie kwake. Nikafagia. Lile shati jeupe uliloniagiza lilikuwa limeshapigwa pasi, limelala kitandani, na nikaona si busara tena kulivaa.

Sikuandika haya ili nikulaumu. Labda ulidhani utanitambulisha baadaye, na baadaye haikupatikana. Lililoniuma ni moja, kwamba mliondoka bila kula. Nilikuwa nimekupikia kaa. Niliwapelekea kina Parulekar, nikawaambia wageni walikuwa na haraka.

Andika ukipata nafasi. Hata mistari miwili.

Baba yako


Ahmedabad
9 Julai 1996

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana. Kazini kumejaa. Natumai u mzima na mvua haijakusumbua.

Nakutumia jarida. Nyumba imepewa kurasa nane na jalada. Utaona picha yako uani, mwanga ukishuka begani, na kwa kweli ndiyo nzuri kuliko zote. Chini yake wameandika "Mlinzi wa nyumba akifagia ua asubuhi." Si mimi niliyeandika. Maneno ya chini ya picha yanaandikwa ofisini kwao, na sikuyaona kabla hayajachapwa. Nilitaka kupiga simu, kisha nikaona wameshasambaza.

Na kuhusu siku ile, mambo yalikwenda haraka. Ungeweza kusema, Baba. Sentensi moja tu ingetosha. Kwa nini hukusema?

Maelezo yangu yako mwishoni. Mwombe mwalimu Tendulkar akutafsirie Kiingereza pale kitakapokuwa kigumu.

Mrunu


Sawantwadi
27 Julai 1996

Mwanangu Mrunu,

Marahaba. Barua na jarida vimefika vikiwa vimelowa pembe, lakini vinasomeka. Mimi nipo. Mvua ya mwaka huu ina bidii kuliko wafanyakazi wa serikali.

Maelezo yako nimeyasoma mwenyewe. Kiingereza changu si kibovu kiasi hicho. Umeandika kwamba zege halijui kudanganya, na kwamba hii ni nyumba isiyoficha kitu. Sentensi nzuri. Nimeirudia mara kadhaa.

Sasa nikuchekeshe. Wageni wameanza kuja. Wanatoka Goa, wanatoka Pune, vijana wanaosoma kazi yako, kila mmoja na jarida ndani ya mfuko wa plastiki. Jumamosi iliyopita walikuja sita. Mmoja akanielekezea kidole akapiga kelele, "Ndiye yeye! Mlinzi mwenyewe!" Wakataka nishike ufagio wapige picha na mimi. Nikashika.

Binti mmoja wao, mpole sana, akaniuliza, "Babu, mwenye nyumba yupo?"

Nikamwambia yuko Pune.

"Atarudi lini?"

Nikasema hata mimi sijui, ila ameniachia amri watu wasiingie ndani wakati wa mvua. Wakazunguka nje na miavuli yao, wakaipapasa kuta, wakaenda zao. Parulekar alikuwa barazani kwake anasikia kila kitu. Walipoondoka akaniambia, "Mwalimu, mwenye nyumba akirudi kutoka Pune unisalimie." Hakucheka, na mimi sikucheka.

Umeniuliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza pia. Nadhani nilikuwa nasubiri uanze wewe.

Baba yako


Ahmedabad
25 Agosti 1996

Baba mpenzi,

Shikamoo. Afya yako? Nasikia huko barabara zimekatika kwa mvua. Mimi sijambo.

Nina habari. Nyumba imepata tuzo ya wasanifu vijana. Itatolewa Mumbai tarehe kumi na nne Septemba, ukumbini, na kila mshindi atasema maneno machache. Siku hizo ni za sikukuu ya Ganapati, najua, na hujawahi kuikaribisha sanamu ya mungu wetu huyo nyumbani bila mimi. Lakini ofisi imenipa ruhusa ya siku chache tu, na sidhani nitafika. Naomba uniombee radhi kwake na kwa ndugu wote.

Nilifikiri pia kama ungependa kuja Mumbai. Sijui. Safari ni ndefu, mvua bado kali, na goti lako lile. Sitaki ujisumbue kwa ajili ya hotuba na chai ya vikombe vidogo. Uamue mwenyewe.

Binti yako,
Mrunu


Sawantwadi
3 Septemba 1996

Mwanangu,

Marahaba. Hongera. Nimefurahi, na furaha hii usiitilie shaka, hata baada ya kusoma yanayofuata.

Umenikaribisha kwa namna ambayo jibu lake ulishaliandika wewe mwenyewe. Nimekaa nikajaribu kuiona safari. Nashuka Mumbai, naingia ukumbini, Bi. Dilnaz yuko mstari wa mbele. Nikija, Mrunu, nije kama nani? Mlinzi hasafiri usiku kucha kwenda kupiga makofi. Na nikija kama baba yako, nitakuwa nimekuja kukuumbua mbele ya watu siku yako ya heshima. Hakuna kiti changu mle ndani.

Basi nabaki. Mambo ya Ganapati usihangaike nayo, yamepangwa.

Baba yako


Sawantwadi, nyumbani kwako
22 Septemba 1996

Baba,

Shikamoo. Naandika barua hii nikiwa nimekaa jikoni kwako, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama Parulekar anakwenda Malvan kesho kwa dada yake, atakuletea. Shangazi Sulabha akiuliza, mwambie sijambo.

Nilikuja bila kukuarifu, na leo ni siku ya saba nipo humu. Nilipopokea tuzo nilitoka ukumbini nikapanda basi la usiku, nikijiambia nitakushtukiza kabla Ganapati hajapelekwa majini. Nilitegemea kusikia kengele toka barabarani. Nikakuta kufuli. Juu ya paa kuna turubai la bluu limefungwa kwa kamba na kukandamizwa kwa matofali. Mama Parulekar alitoka na ufunguo, akaniangalia muda mrefu. "Wewe hukuambiwa?" akasema. "Ganapati wenu mwaka huu yuko Malvan. Baba yako alisema kifua kinambana, hawezi kupokea ndugu."

Nilifungua. Sihitaji kukueleza nilichokiona, maana wewe ndiye uliyekipanga. Sufuria na ndoo zimejaa sebuleni. Kitanda chako umekivutia hapa karibu na jiko, pembe pekee iliyo kavu. Vitabu umevitandaza juu ya shuka, vimevimba kama mikate, kurasa zimeshikana, na ukuta wa magharibi nilipochonga yale mashubaka una ukungu mweusi kutoka juu hadi chini. Michoro yako ya mwanga imechuruzika. Michache tu bado inaonyesha kilichokuwa ukutani. Na pale dirishani umeziba kwa jalada la jarida langu.

Umeishi hivi tangu Juni. Na vijana walipokuja uliwaambia mwenye nyumba kakataza kuingia.

Nikwambie ya Mumbai. Walionyesha picha za nyumba kwenye kitambaa kikubwa cheupe. Ilipofika ile ya uani watu walipiga makofi, Baba, kabla hata sijafungua mdomo. Ulikuwa mkubwa kuliko milango ya ukumbi. Bi. Dilnaz akasema kwenye kipaza sauti kwamba picha ile ina roho kwa sababu ya yule mzee. Nilikuwa nimesimama palepale. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikawashukuru walimu wangu, nikasema juu ya uaminifu wa zege, nikarudi kukaa.

Kosa la paa naweza kulieleza kama fundi. Niliona majengo ya nchi kame, nikayapenda, nikaleta paa bapa la Ahmedabad kwenye mvua ya pwani yetu ya Konkan. Wale wakubwa ninaowasifu walisikiliza jua na mvua ya pale walipojenga. Mimi nilichukua sura zao nikaacha masikio. Hilo lina jina, na lina dawa. Hili jingine sina jina lake. Ulikuwa umenitazama, na mimi nikautazama mfuko. Niliona aibu ya singlendi, Baba. Ni hiyo tu, hakuna sababu nyingine iliyo kubwa zaidi nyuma yake. Nimetafuta.

Leo asubuhi nilikwenda hadi stendi, nikakata tiketi ya Malvan. Basi likajaa, likaondoka, nami nimekaa pale kwenye benchi na tiketi mkononi. Sikuweza kuingia kwa shangazi mbele ya ndugu wote, Ganapati akiwa pale.

Nisamehe.

Mrunu


Malvan
28 Septemba 1996

Mrunmayi,

Marahaba.

Mimi mzima. Niliwaambia watu uongo kwamba kifua kinanibana, na baadaye kikabana kweli, ila kimeanza kulegea tangu nilale pakavu.

Wewe umesema ya kwako, na mimi niseme ya kwangu. Baba yangu alimkaribisha Ganapati chini ya paa lake kila mwaka, hata mwaka wa njaa, hata mwaka aliofiwa na ndugu yake. Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo huu kumbeba Mungu nje na kumpeleka kwa watu. Nilimpakia kwenye riksho nimemfunika mfuko wa mbolea asilowe. Nilidanganya mbele yake kwamba naumwa. Na yote hayo ili Parulekar na ndugu zako wasiseme nyumba ya Mrunu inavuja. Halafu nakaa hapa kwa dada yangu, watu wananipa pole ya ugonjwa, na nashindwa kuwaangalia usoni.

Kwa hiyo usifikiri uko peke yako kwenye jambo hili. Nilijitia humo mwenyewe, nikajiona mjanja. Nilidhani kukusitiri ndiyo kazi ya baba. Sasa naona nilikufundisha kwamba unaweza kunipita mlangoni na mimi nitakufungulia.

Samahani yako nimeipokea. Lakini kwa sasa sina pa kuiweka. Usije Malvan. Nitakapokuwa tayari nitakuandikia.

Baba yako


Sawantwadi
15 Desemba 1996

Baba,

Shikamoo. Hujaniandikia, na sikuandiki ili nikusukume. Naomba tu kujua kifua kinaendeleaje. Mama Parulekar anasema umeanza kutembea asubuhi ufukweni na shangazi anakulalamikia kwamba unarudi na mchanga hadi jikoni. Nimefurahi kusikia mtu anakulalamikia.

Bado nipo hapa. Ofisi ya Ahmedabad ilinisubiri, kisha ikaacha kunisubiri. Nilitaka niishi humu mpaka niijue nyumba kama ulivyoijua. Mvua za Oktoba zilinikuta. Usiku nilihamisha ndoo kama ulivyokuwa ukihamisha. Vitabu nimevianika ukurasa kwa ukurasa. Vingine vimepona, vingine vinasomeka katikati tu. Picha ya mama ipo ukutani sebuleni. Nilipigilia mwenyewe, zege likameguka nusu ya kiganja, nimeliacha hivyo.

Nilimwandikia Bi. Dilnaz. Nilimweleza yote, nikaomba wachapishe kwamba mtu wa kwenye picha ni Mwalimu Dattaram Nerurkar, mwalimu wa kuchora, mwenye nyumba, baba wa msanifu. Alinipigia simu dukani kwa Parulekar. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akasema, "Kwa nini hukuniambia palepale? Ningemwomba radhi mzee mlangoni, na yangeisha." Alikuwa amebeba aibu yangu nami nikamwachia abebe, na yeye hakujua hata kwamba anayo. Wamechapisha katika toleo la mwezi huu, mistari minne. Ameniomba anwani yako. Nimemwambia nitakuuliza kwanza.

Vijana bado wanakuja. Mwanzoni nilijificha. Sasa nawafungulia, nawaonyesha ukungu, nawaeleza maji yanapita wapi na kwa nini. Juzi mmoja alitoa jarida akauliza yule mlinzi wa kwenye picha amekwenda wapi. Nikamwambia si mlinzi, ni baba yangu. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akaufunga ule ukurasa taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa chumba asichoalikwa. Sikuwa nimewahi kulisema kwa sauti. Nilikaa chini alipoondoka.

Nimechora paa la vigae. Litapanda juu ya zege lote, lenye mteremko mkali, na litashuka nje hadi ukuta wa magharibi usiguswe na mvua. Rafiki zangu wa Ahmedabad wameona mchoro. Mmoja kaandika kwamba naiua nyumba. Waliotoa tuzo nao wameandika, kwa adabu, wakisikitika. Labda wana haki, maana haitakuwa tena ile ya kwenye jalada. Lakini mimi sasa naona usasa wetu hauko kwenye zege wala kwenye kigae. Sijui uko wapi. Zamani nilikuwa na sentensi nyingi juu ya jambo hili.

Mafundi wanaanza katikati ya Januari. Nina swali moja la kazi. Nikilishusha paa sana, ukuta utakuwa salama lakini sebule itakuwa na giza. Nikilipandisha, utapata mwanga wa kuchorea na mvua ya upepo itapiga. Nimechora namna tatu na zote sizitaki. Wewe ndiye utakayekaa humo, kama utakaa. Ungependa liishie wapi?

Binti yako


Malvan
2 Januari 1997

Mwanangu Mrunu,

Marahaba. Kifua kimefunguka. Sulabha anakusalimu, anauliza lile swali lake, nimemwambia aliache kwanza.

Yale mambo hayajaniisha. Kuna asubuhi naamka nimeyasahau, na kuna asubuhi nyingine yananisubiri kando ya kitanda. Nakwambia ili usinikute kimya ukadhani ni jambo jipya.

Bi. Dilnaz mpe anwani.

Kuhusu paa, siwezi kujibu kwa barua. Lazima nisimame pale sebuleni asubuhi nione mwenyewe. Nitakuja na basi la Jumatatu. Usinipokee stendi, njia naijua.

Na kama kutakuwa na wageni uani nitakapofika, usinitambulishe. Nitasema mwenyewe mimi ni nani.

Baba yako